Mtunzi Hangoji Ilhamu: Mazoea ya Watunzi na Funzo Lake kwa Mwandishi wa Insha

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia kipindi cha insha anaifahamu hali hii. Swali limeandikwa ubaoni, madaftari yamefunguliwa, dakika kumi zimeyoyoma, na bado wapo wanafunzi wanaotafuna kalamu. Ukimsogelea mmoja wao na kumwuliza kulikoni, atakujibu kwa unyofu, "Mwalimu, mawazo hayajaja."

Jibu hilo fupi limebeba imani nzito. Mwanafunzi huyu anaamini kwamba mawazo ya kubuni ni mgeni ajaye kwa hiari yake. Anaamini kuwa wapo watu, kina Shaaban Robert na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambao mgeni huyo huwatembelea kila siku, na wapo wengine, yeye mwenyewe akiwemo, ambao hawatembelei abadani. Akiishikilia imani hiyo kwa miaka minne, ataingia katika chumba cha mtihani akiwa amekwisha kujiondoa katika safu ya wanaoweza kutunga. Hapo ndipo anapoanza kutafuta insha ya kukariri.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza imani hiyo kwa kutazama jinsi watunzi wenyewe wanavyojiandaa kuandika. Hoja yetu ni moja: hali ya kiubunifu huandaliwa, haingojwi. Tutaitazama hoja hii katika fasihi simulizi na tenzi, kisha katika maisha ya watunzi wa kwetu na wa ng'ambo, na hatimaye tuone ina manufaa gani kwako wewe mwalimu na kwako wewe mtahiniwa.

Dhana ya Ilhamu

Imani kwamba utunzi huteremka kutoka nje ya mtunzi si ya jana wala juzi. Katika mjadala uitwao Ion, mwanafalsafa Plato wa Ugiriki ya kale anamwonyesha Socrates akidai kwamba mshairi hatungi kwa ujuzi bali kwa kupandwa na nguvu za kiungu. Karne nyingi baadaye, mwaka wa 1816, mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge alipochapisha shairi lake "Kubla Khan", alieleza katika dibaji kwamba lilimjia usingizini baada ya kutumia dawa. Alipoamka alianza kuliandika, lakini mtu mmoja kutoka kijiji cha Porlock akaja kumkatiza. Mgeni alipoondoka, sehemu iliyosalia ilikuwa imemtoka akilini.

Kisa hiki kinapendeza, na wengi wamekitumia kuthibitisha kwamba shairi ni zawadi ya ndoto. Hata hivyo, ipo hati ya mkono ya shairi hilohilo ambayo baadhi ya maneno yake yanatofautiana na yale yaliyochapishwa. Maana yake ni kwamba mtunzi aliketi, akapima, akabadilisha. Huenda ndoto ilimpa mbegu, lakini palizi aliifanya akiwa macho.

Maelezo yanayomfaa zaidi mwalimu ni yale ya Graham Wallas. Katika kitabu chake The Art of Thought cha mwaka wa 1926, msomi huyu aliigawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, uatamizi, mwangaza na uthibitishaji. Katika maandalizi, mtunzi hukusanya mambo na kuyafikiria kwa makusudi. Katika uatamizi, huyaacha yakae akilini huku akishughulika na mengine, kama kuku anavyoyalalia mayai. Mwangaza ni ile nukta ambapo wazo hujitokeza ghafla. Uthibitishaji ni kazi ya kulipima na kulisanifu wazo hilo. Zingatia kwamba kile ambacho watu hukiita ilhamu ni hatua moja tu kati ya nne, tena ni ya tatu. Anayesubiri mwangaza bila kupitia maandalizi ni sawa na anayesubiri vifaranga ilhali hana hata yai moja.

Kaida za Kuanzia katika Fasihi Yetu

Hatuhitaji kwenda mbali kuona jinsi hali ya utunzi inavyoandaliwa. Tuanze na fasihi simulizi. Katika jamii nyingi za Kenya, ngano zilitambwa jioni baada ya kazi za mchana, aghalabu karibu na moto. Fanani hakuanza kisa chake vivi hivi. Alitoa mwito, "Paukwa!" na hadhira ikaitikia, "Pakawa!" Katika kujibu maswali ya mtihani, tumezoea kueleza kwamba fomyula hii huvuta nadhari ya hadhira na kuitoa katika ulimwengu wa kawaida hadi ulimwengu wa ngano. Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni nusu tu. Fomyula hiyo humfanyia kazi fanani mwenyewe pia. Sauti yake inapasuka, anasikia hadhira ikimwitikia, na maneno yaleyale aliyoyatamka jana na juzi yanamfungulia mlango wa kisa. Kabla hajafikiria tukio la kwanza, tayari ameanza kusema.

Katika tenzi za kale hali ni hiyo hiyo. Mtunzi wa utenzi aghalabu alianza kwa kumtaja Mola, kumsifu Mtume na kuomba uwezo wa kutunga. Mara nyingi aliagiza pia aletewe vifaa vya kuandikia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, ni mfano mzuri. Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, anamwita bintiye amkaribie na kumwagiza atwae wino na karatasi ili apokee wasia wa mama yake. Mhakiki ataeleza kwamba hii ni kaida ya utanzu, na kwamba hatuwezi kuichukua kuwa ushahidi wa yale yaliyotendeka chumbani siku ile. Ni kweli. Lakini jiulize: kwa nini kaida ya namna hii ikakita mizizi? Ni kwa sababu mtunzi aliye na jambo zito kifuani huhitaji pa kukanyaga kabla ya kulisema. Kuomba wino, kutaja jina la Mola, kumwita msikilizaji karibu. Yote haya ni hatua nyepesi za kumfikisha kwenye jambo gumu. Mama anayehisi kwamba siku zake zimekaribia kwisha haanzi kwa kauli ya kuaga. Anaanza kwa wino.

Mazoea ya Watunzi Mbalimbali

Tukiacha sasa kaida za tanzu na kuwatazama waandishi kama watu binafsi, tutaona kwamba kila mmoja ana "Paukwa" yake. Watunzi watano wafuatao wa ng'ambo waliyaeleza mazoea yao wenyewe, ama katika mahojiano ama katika tawasifu zao.

Maya Angelou, mwandishi Mmarekani, alikuwa akikodi chumba cha hoteli katika mji aliokuwa akiishi. Aliondoka nyumbani alfajiri, akaenda huko kuandika na kurudi mchana. Aliagiza picha zote ziondolewe ukutani. Chumbani alikuwa na kamusi, kamusi ya visawe, Biblia, karata za kuchezea, mvinyo na karatasi zake za manjano, na aliandika akiwa amejinyoosha kitandani.

Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 1993, alikuwa na ada sahili zaidi. Aliamka kungali giza, akatengeneza kahawa, akainywa huku akitazama mwanga wa siku ukiingia. Tabia hii ilianzia kwenye dhiki. Alikuwa mama wa watoto wadogo na mfanyakazi wa kuajiriwa, na saa za kabla ya watoto kuamka ndizo pekee zilizokuwa zake.

Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mtumishi wa idara ya posta. Katika tawasifu yake iliyotoka mwaka wa 1883, anaeleza kwamba alimlipa mtumishi wake ujira wa ziada ili amwamshe kila alfajiri na kumletea kahawa, naye akawa mezani saa 11:30. Aliweka saa mbele yake na kujitoza maneno 250 kila baada ya dakika 15. Kisha alikwenda kazini kama watu wengine.

Ernest Hemingway naye aliandika tangu kupambazuka. Kila siku aliachia pale ambapo bado alijua kitakachofuata, ili kesho yake asianze na kisima kikavu. Isabel Allende wa Chile huanza kila kitabu chake kipya tarehe 8 Januari. Tarehe hiyo mwaka wa 1981 alianza kumwandikia babu yake barua, na barua hiyo ikageuka kuwa riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka wa 1982.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo pekee. Shaaban Robert, ambaye kazi zake zimewalea walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa vizazi vingi, hakuwa mtu wa kukaa chini ya mwembe akisubiri beti zimdondokee. Tangu mwaka wa 1926 alikuwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kwanza akiwa karani wa forodha, na baadaye katika idara nyingine. Riwaya, mashairi, insha na tawasifu alizotuachia alipofariki mwaka wa 1962 nyingi ziliandikwa na mtu aliyekuwa na afisi ya kwendea asubuhi.

Mazoea Haya Hufanya Kazi Gani?

Ukiyatazama mazoea haya kwa haraka, utaona tofauti tupu: huyu hoteli, yule kahawa, mwingine tarehe. Ukiyachunguza, utaona kwamba yanafanya kazi tatu zilezile.

Kwanza, hufunga mlango. Angelou aliondoa picha ukutani ili jicho lisipate pa kutangatanga. Morrison aliwahi kabla ya nyumba kuamka. Akili haiwezi kuingia katika ulimwengu wa kubuni huku ikivutwa shati na ulimwengu wa kawaida.

Pili, hutoa ishara. Kitendo kinachorudiwa kila siku kabla ya kazi ileile huifundisha akili kwamba kazi hiyo imewadia. Ni kama kengele ya shule: mwanafunzi aisikiapo haanzi kujiuliza kama ana ari ya kwenda darasani, miguu yake tayari iko njiani. Kahawa ya Morrison ilikuwa kengele ya namna hiyo.

Tatu, huweka kiasi. Trollope hakujiwekea lengo la kuandika vizuri. Alijiwekea lengo la maneno 250. Lengo la kuandika vizuri hutisha, kwani hakuna ajuaye lini limefikiwa. Lengo la maneno huhesabika, na aliyelifikia huweza kurudi baadaye kusahihisha. Ukurasa mbaya hurekebishika. Ukurasa mtupu haurekebishiki.

Tambua kuwa hakuna hata kazi moja kati ya hizi inayotegemea kipaji. Zote ni mambo ya kujizoeza.

Je, Asiye na Chumba wala Kahawa?

Hapa mwanafunzi mwerevu atatupinga. Atasema kwamba Angelou alikuwa na fedha za hoteli na Trollope alikuwa na mtumishi, ilhali yeye anasoma kwa taa ya koroboi, au katika bweni lenye kelele. Pingamizi hili ni la haki, na linastahili jibu kutoka papa hapa Kenya.

Kati ya mwaka wa 1969 na 1972, Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa uitwao Kenya: Twendapi? Akiwa katika gereza la Kamiti alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka wa 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka wa 1977, akawekwa Kamiti hadi Desemba 1978. Humo, kwenye karatasi za chooni vilevile, aliandika kwa Kigĩkũyũ riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina Shetani Msalabani. Wakati mmoja askari walipekua na kuuchukua muswada wake, na akarudishiwa baadaye.

Je, watunzi hawa walikuwa na mazingira mwafaka? La hasha. Hawakuchagua mahali, saa wala vifaa. Lakini waliandika, na walichoandika kina umbo: Abdilatif alizingatia mizani na vina vya ushairi wa mapokeo, na Ngũgĩ alijenga riwaya nzima sura baada ya sura. Kaida ya utanzu yenyewe ilikuwa chumba chao. Mtu anayejua kwamba ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwamba kila mshororo una mizani yake, ana mahali pa kuweka mguu hata akiwa seli.

Hivyo basi, mazoea humtumikia mtunzi. Mtunzi si mtumwa wa mazoea. Mwanafunzi anayesema kwamba hawezi kuandika bila kimya, bila kalamu fulani au bila muziki amegeuza fimbo ya kutembelea kuwa pingu.

Tahadhari Mbili

Ya kwanza inahusu vichangamshi. Mwandishi Mfaransa Honoré de Balzac alijulikana kwa kunywa kahawa nyingi akiandika usiku kucha, naye alifariki mwaka wa 1850 akiwa na umri wa miaka 51. Wanafunzi husikia visa vya namna hii, wakahitimisha kuwa msanii wa kweli sharti achangamshwe na kitu. Kutoka hapo hadi kwenye miraa na vileo ni hatua fupi. Mwambie mwanafunzi wako wazi kwamba kilichowapa watunzi hawa vitabu ni kuketi kila siku. Kikombe kilikuwa ishara tu; hata maji yangetosha.

Ya pili inahusu insha ya kukariri. Mtahiniwa aliyekosa njia ya kujiandaa hujibunia ada mbaya: huingia na kisa kimoja kichwani na kukibandika kwenye methali yoyote atakayoikuta. Walimu wanaosahihisha huitambua insha hiyo upesi, kwani aya ya kwanza inazungumzia methali ya swali na zinazofuata zinazungumzia methali nyingine kabisa. Mtahiniwa huyu hakukosa lugha. Alikosa ujasiri wa kuketi na swali jipya kwa dakika chache bila kuogopa.

Darasani na katika Chumba cha Mtihani

Karatasi ya Insha ya KCSE (102/1) humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45, yaani dakika 105, kuandika insha mbili zenye alama 20 kila moja. Ya kwanza ni ya lazima, na ya pili huichagua mwenyewe. Kila insha hutakiwa isipungue maneno 400. Hebu tuufanye wakati huu kuwa kaida.

Tenga dakika 5 za kusoma maswali yote na kuchagua. Zinabaki dakika 50 kwa kila insha. Katika hizo, tumia dakika 8 kuandaa, 37 kuandika na 5 kusahihisha. Maneno 400 kwa dakika 37 ni takriban maneno 11 kwa dakika. Trollope alijitoza takriban maneno 17 kwa dakika, kwa saa kadhaa mfululizo, kabla ya kwenda kazini. Unachotakiwa kufanya, ndugu mtahiniwa, hakizidi uwezo wa binadamu.

Zile dakika 8 ndizo "Paukwa" yako. Zitumie kwa mpangilio uleule kila mara: andika swali kwa maneno yako, pigia mstari neno linalolibeba, orodhesha kila kinachokujia bila kuchagua, teua hoja au matukio matano au sita, yapange, kisha andika sentensi ya mwisho ya insha kabla ya ile ya kwanza, ili ujue unakoelekea. Anayejua mwisho wake hapotezwi na katikati.

Kwako wewe mwalimu, kaida hii haifunzwi wiki moja kabla ya mtihani. Anza mapema iwezekanavyo. Tenga dakika 10 mwanzoni mwa kipindi kimoja kila wiki, siku ileile. Wape kianzio, waandike bila kuinua kalamu, na usisahihishe maandishi hayo. Wakimaliza, mmoja au wawili wasome kwa hiari. Zaidi ya hayo, andika nao. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake akifuta sentensi na kuandika nyingine, ataelewa kwamba kufuta ni sehemu ya kutunga.

Mhakiki Ayatumieje Maarifa Haya?

Walimu wengine watauliza kama mambo haya yana nafasi katika majibu ya Karatasi ya Fasihi. Yana nafasi, ila ndogo. Swali likimtaka mtahiniwa aeleze dhamira au toni ya shairi, ushahidi utoke katika shairi lenyewe. Kueleza kwamba mtunzi aliandika gerezani kunaweza kutusaidia kufahamu muktadha, lakini hakuthibitishi kwamba toni ni ya huzuni. Huenda shairi hilo ni la kejeli au la matumaini. Vivyo hivyo, utenzi unapoanza kwa kuomba wino, taja kwamba ni kaida ya dibaji, eleza dhima yake, kisha uendelee. Maisha ya mtunzi ni taa ya kumulikia matini. Usiitazame taa ukasahau kusoma.

Hitimisho

Tumeona kwamba fanani, mtunzi wa utenzi na mwandishi wa riwaya wote wana namna ya kubisha hodi kwenye mlango wa utunzi, na kwamba hodi hiyo ni kitendo chepesi kinachorudiwa. Tumeona pia kwamba waliokosa kila kitu walishikilia umbo la kazi yao, nalo likawatosha. Ni muhimu mwanafunzi ayasikie haya mapema, kabla hajajiwekea muhuri wa "sina kipaji". Vipaji hutofautiana, hilo hatulikatai. Lakini dakika 8 za maandalizi hazimbagui mtu, na atakayezizoea ataiona karatasi tupu kuwa mahali pa kuanzia kazi.